Amri ya Ukurasa

Mji wa Thika una jambo ambalo wapitao katika barabara kuu, macho yao yakiwa kwenye mabango ya viwanda na mashamba ya mananasi, aghalabu hawalitambui: kwamba humo, tangu zamani za ukoloni, pamekuwapo shule ya vipofu iliyoasisiwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na kwamba katika miaka ya 1960, mjini humo humo na kwa juhudi za jeshi hilo hilo, iliendelezwa shule ya Joytown kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ambao baadhi yao siku zile walikuwa wameachwa na polio katika hali ya kutoweza kusimama au kuunyosha mkono. Basi mji mmoja umekusanya wasomaji wa namna mbili. Wa kwanza macho yao hayaoni, lakini vidole vyao husoma. Wa pili macho yao husoma vizuri, bali wamo miongoni mwao ambao vidole vyao haviwezi kuugeuza ukurasa uliokwisha kusomwa.

Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya iliingia mwaka 2017, umewaweka wasomaji hawa katika fungu moja, kwani unamtaja kipofu na, papo hapo, unamtaja mtu ambaye kwa ulemavu wa mwili hawezi kukishika kitabu wala kukigeuza. Mkataba huo lakini unahusu hakimiliki, yaani ruhusa ya kukinakili kitabu katika sura nyingine ifaayo. Haukusema neno mintarafu ya fundi atakayeunda chombo cha kukifunua kitabu chenyewe kilivyo, karatasi na gundi na uzi. Mimi nataka kusema habari za chombo hicho, si kwa kuwa ni fundi, bali kwa kuwa katika kukiwaza nimeona kwamba swali lake gumu si la mota wala la betri. Ni swali ambalo wanavyuoni wa dini walilijadili kabla umeme haujatiwa katika waya: ukurasa ukigeuzwa na kitu kisichokuwa mkono wa msomaji, ni nani aliyeugeuza?

Tuanze na mkono wenyewe. Mtu mzima wa viungo hageuzi ukurasa kwa kitendo kimoja, ingawa hivyo ndivyo adhaniavyo. Kabla hajaimaliza mistari miwili ya mwisho, kidole chake cha shahada kimekwisha kupanda kwenye pembe ya juu ya karatasi, kikaikuna kidogo, kikaisukuma kwa ndani hata ikafanya tumbo. Hapo hewa ikaingia baina ya karatasi hiyo na ile ya chini yake. Kidole gumba kikaja kupima unene, maana ngozi ya vidole hujua bila ya kuambiwa kwamba karatasi zilizokamatwa ni mbili wala si moja, na zikiwa mbili huzisugua moja juu ya mwenziwe mpaka zitengane. Kisha kiganja kikafagia kutoka kulia kwenda kushoto, na mwishowe kikaulalia ukurasa mpya ili kitabu kisijifunge. Mwulize msomaji amefanya nini, atakujibu kuwa hakufanya kitu, alikuwa akisoma.

Hicho anachokiita si kitu ndicho kiwatoacho jasho waundaji wa vyombo. Wako waliotumia rola ya mpira inayoikuna karatasi mpaka inyanyuke. Wako waliotumia pampu ya kufyonza hewa, ili karatasi ing'ang'anie mdomo wa bomba na kuvutwa. Wako waliotumia kijiti chenye gundi isiyokauka. Na baada ya karatasi kunyanyuliwa, kwa njia yoyote iwayo, huja mkono wa waya kuifagia upande wa pili, na vibano vya kuishikilia. Kila njia ina dosari yake. Kitabu kikianza kusomwa, upande wa kulia ni mnene na wa kushoto ni mwembamba, na kadiri msomaji aendeleavyo unene huhama, hata chombo kilichopimwa sawasawa kwa ukurasa wa 10 kikawa hakifiki kwenye ukurasa wa 300. Vitabu vya shule ambavyo mgongo wake umegandishwa kwa gundi bila ya kushonwa hujifunga kwa nguvu, na ukivilazimisha kulala wazi hupasuka na kumwaga karatasi. Biblia ina karatasi nyembamba mno, ambazo hushikamana mbili mbili na tatu tatu, hususan katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, wakati ukungu wa mashamba ya kahawa ya Ruiru unapoingia hata vyumbani. Na msahafu, kwa kuwa Kiarabu huanzia kulia, hufunuliwa kwa upande ulio kinyume cha Biblia ya Kiswahili. Kwa hiyo chombo kilichoundwa kwa ajili ya nyumba ya Mkristo hakimfai jirani yake Mwislamu ila kiwe na uwezo wa kwenda pande zote mbili. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu nitalirudia: fundi aliyelazimishwa na msahafu kuunda chombo cha kwenda pande zote mbili amewafanyia hisani wasomaji wote bila ya kujua.

Historia ya jambo lenyewe nitaipita upesi. Zamani za magombo hapakuwa na ukurasa wa kugeuza, palikuwa na kukunjua na kukunja, na Injili ya Luka inatusimulia jinsi Isa Masihi alivyopewa chuo katika sinagogi la Nazareti, akakifunua, akasoma, akakifunga, akamrudishia mtumishi. Wakristo wa karne za mwanzo walikuwa miongoni mwa waliopendelea kitabu cha karatasi zilizoshonwa upande mmoja, na tangu hapo mkono ukapata kazi mpya. Mwaka 1588 mhandisi wa Kitaliano, Agostino Ramelli, alichapisha picha ya gurudumu kubwa lenye marufaa nyingi, ambalo msomaji angelizungusha akiwa ameketi, kila marufaa ikamletea kitabu kilichofunuliwa. Naye alisema kuwa chombo hicho kinawafaa hasa wagonjwa na wenye kuteswa na jongo. Lakini gurudumu lilileta kitabu, halikugeuza karatasi yake. Karne ya 20, polio ilipowalaza maelfu katika mitambo ya kupumulia huko Marekani, vitabu vilipigwa picha katika filamu na kumulikwa juu ya dari, mgonjwa akaita ukurasa kwa kubonyeza kitufe kwa kidevu. Hii ilikuwa hatua kubwa, na la ajabu ni kwamba ilikuwa hatua ya kuliacha swali la karatasi badala ya kulijibu.

Kabla ya mtambo lakini palikuwa na mtu, na mpaka leo, katika nyumba nyingi za Makongeni na Githurai na Kihunguro, yupo mtu. Mama huketi kando ya mwanawe. Au ndugu mdogo huitwa kutoka mchezoni. Au mwanafunzi mwenziwe wa dawati moja hugeuza ukurasa wake kwanza, kisha wa jirani. Huu ni wema, wala sitaki mtu adhani kwamba naudharau. Dini zetu zote zimeusifu, na zote, kwa kuwa zinamjua mwanadamu, zimeuwekea mpaka: Kurani imekataza sadaka kubatilishwa kwa masimango na maudhi, na Injili imetaka mkono wa kushoto usijue utendalo ule wa kuume. Mpaka huo umewekwa kwa ajili ya mtoaji. Nani aliyeuliza habari za mpokeaji ambaye hakusimangwa, ambaye ndugu zake ni wakarimu kweli kweli, na ambaye hata hivyo anaujua uzito wa kila ukurasa?

Tazama anavyosoma mtu huyo. Akifika mwisho wa ukurasa husema, au hupepesa jicho, au husubiri mwenziwe atambue. Mwenziwe akiwa anatazama dirishani, yeye hungoja kwa staha, akijifanya bado anasoma. Mwenziwe akiwa mwepesi, ukurasa hugeuzwa kabla mistari mitatu ya mwisho haijaisha, naye huinyamazia mistari hiyo, akaikisia kutokana na yafuatayo. Hayo mawili yavumilika. La tatu ndilo lililonifikirisha zaidi: kwamba mtu huyo harudi nyuma. Msomaji yeyote anayestahili jina hilo hurudi nyuma mara kwa mara. Hukuta katika ukurasa wa 80 jambo linaloupinga ukurasa wa 62, akarudi, akasoma tena, akaona kwamba alielewa visivyo au kwamba mwandishi amejisahau. Lakini ni nani atakayethubutu kumwambia nduguye, aliyekwisha kumgeuzia kurasa 18 kwa moyo mkunjufu, kwamba sasa amrudishie zote 18 kwa sababu ya neno moja lililomtia shaka, kisha ampeleke tena mbele? Haya humzuia. Shaka yake huimeza. Basi msaada aliopewa umemfikisha mwisho wa kitabu, na papo hapo umemnyima sehemu ya usomaji iliyo bora kuliko kufika mwisho.

Na msaidizi naye ana haki. John Milton, mshairi wa Uingereza aliyekuwa amepofuka kabisa mwaka 1652, aliwafundisha binti zake kutamka maandishi ya lugha kadhaa bila ya kuwafundisha maana zake, ili wamsomee. Na mpwawe, aliyeandika habari za maisha yake, ameeleza jinsi kazi hiyo ilivyowachosha na kuwachukiza mabinti wale. Wengi humhurumia Milton kwa upofu wake, nami namhurumia. Ila kila nikiisoma habari hiyo fikira zangu huwaendea wasichana wawili wanaotoa sauti kutoka vinywani mwao saa baada ya saa, wasijue wanachokisema, na baba yao akifaidi. Wao ndio waliokuwa mtambo. Aliyeogopa kwamba chombo kitachukua mahali pa mtu katika chumba cha msomaji, na afikiri kwanza ni mara ngapi mtu ametiwa mahali pa chombo.

Mwaka 1206 au karibu yake, katika mji wa Amid ulioko kusini mashariki ya Uturuki ya leo, fundi mkubwa Ibn al-Razzaz al-Jazari alimaliza kitabu chake cha hila za uhandisi, na humo amesimulia kwamba mfalme wake alichukia kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi au kijakazi, akamtaka amwundie chombo cha kummiminia. Al-Jazari akakiunda. Sababu ya karaha ya mfalme haikuelezwa, nasi tumeachiwa kuiwaza: huenda ni haya, maana mtu anayejitayarisha kusimama mbele ya Mola wake hapendi kutazamwa, huenda ni kwamba ibada aliiona kuwa yake mwenyewe na hakutaka mwingine ashirikiane naye katika mwanzo wake. Vyovyote ilivyokuwa, inafaa kutambua kwamba mfalme huyo alikuwa na mikono miwili mizima na watumishi tele, na hata hivyo aliona tofauti baina ya maji yamiminwayo na mtu na maji yamiminwayo na chombo. Tofauti hiyo mtoto wa Thika asiyeweza kuinua mkono anaijua kwa undani kumshinda mfalme, seuze sisi.

Sasa nalifikia lile suala la wanavyuoni. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hata Kilwa na Visiwani, madhehebu yaliyoshika mizizi ni ya Imamu Shafi, na miongoni mwa vitabu vinavyotegemewa katika madhehebu hayo ni Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho ni muhtasari wa kazi ya Imamu Rafii aliyemtangulia, aliyefariki mwaka 1226, na Nawawi hakuufanya muhtasari kwa kunyamaza. Kila alipoona kwamba mwenziwe amechagua kauli iliyo dhaifu, alisema, tena waziwazi. Mojawapo ya mahali hapo ni hapa: mtu asiye na udhu haruhusiwi kuugusa msahafu wala kuuchukua; je, akiuacha ulale juu ya marufaa na kuzigeuza kurasa zake kwa kijiti? Rafii alishika kauli ya kwamba haijuzu. Nawawi akasema kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu, na kwamba hivyo ndivyo walivyokata wanavyuoni wa Iraki.

Hoja za pande zote mbili zinastahili kusikilizwa, kwa maana ndani yake mna falsafa nzima ya ala. Wanaoruhusu husema kwamba mwenye kijiti hakugusa kwa ngozi yake, wala hakubeba. Wanaokataza husema kwamba karatasi inyanyuliwapo kwa kijiti imebebwa, na karatasi ni sehemu ya msahafu. Kisha likaja suala la pili, ambalo kwalo wengi walikubaliana: mtu akiuviringisha mkono wa kanzu yake juu ya kiganja, akageuza kwa nguo hiyo, jambo hilo ni haramu. Kwa nini kijiti kiwe halali na nguo iwe haramu, ilhali vyote viwili vimeingia baina ya ngozi na karatasi? Wakajibu kwamba mkono wa kanzu umeungana na mvaaji na una hukumu ya viungo vyake, ndiyo maana hairuhusiwi kusujudu juu yake, na kijiti sivyo. Na Imamu wa Haramaini, al-Juwayni, akaongeza kwamba kitendo cha kugeuza katika hali ile hutukia kwa mkono wala hakitukii kwa nguo.

Sitoi fatwa, wala sina ujuzi wa kuitoa. Wanavyuoni wale walikuwa wakizungumza habari za tohara, na mimi nazungumza habari za uhuru wa msomaji. Lakini mizani waliyoiacha ni nzuri, nami naiazima. Walipima mambo mawili: kuungana na mwili, na kitendo hutukia kwa kipi. Nikimpima msaidizi kwa mizani hiyo, naona kwamba hakuungana na mwili wa msomaji, na kitendo hutukia kwa msaidizi mwenyewe, kwa nia yake na kwa wakati wake. Msomaji ameomba tu. Nikikipima chombo kinachogeuza kila baada ya dakika mbili kwa kufuata saa, kama baadhi ya vyombo vilivyoundwa, naona kwamba hali ya msomaji ni mbaya zaidi, maana kitendo hakitukii hata kwa nia ya mtu wa kuombwa. Fundi aliyekwisha kwenda zake ndiye aliyeamua, siku aliyoipanga saa, kwamba ukurasa ni wa dakika mbili. Na nikikipima chombo kingojacho, kisichotikisika mpaka msomaji atie amri kwa kidevu, au kwa mguu, au kwa pumzi, naona kitu ambacho wale wa kale wangekifurahia kukijadili: kwa mwili ni kijiti, kwa kuwa kinaweza kuwekwa kando na hakina haki juu ya mtu; kwa nia ni mkono wa kanzu, kwa kuwa huenda uendako mkono, wala hakiendi pasipo. Kitendo hutukia kwa msomaji. Yeye ndiye aliyegeuza.

Kutokana na hayo naona kwamba dini na falsafa zina neno la kumwambia fundi, tena si mawaidha matupu, bali vipimo. Saa isiwemo, au ikiwamo iwe ni kwa ombi la msomaji. Amri ya pumzi itofautishwe na kuhema, maana msomaji aliyefikia kifo cha mtu aliyempenda katika hadithi atashusha pumzi, na chombo kijinga kitaidhani amri, kimtoe katika msiba kabla hajamaliza kuulilia. Karatasi mbili zikishikamana, naye akajikuta ametoka ukurasa wa 47 akaangukia wa 50, awe na njia ya kusahihisha bila ya kumwita mtu, kwa sababu chombo kinachohitaji msaidizi kila kinapokosea kimemrudisha msomaji pale pale, tena kimemwongezea aibu ya kuwa na mtambo wa fedha nyingi usiomfaa. Na kubwa kuliko yote, chombo kiweze kurudi nyuma. Hapo ndipo nilipoahidi kurudia habari ya msahafu: fundi aliyejifunga kuuhudumia msahafu na Biblia kwa chombo kimoja hana budi kukifundisha kufagia kutoka kushoto kwenda kulia sawa na kinavyofagia kutoka kulia kwenda kushoto, na kile ambacho kwa msomaji wa msahafu ni kwenda mbele, kwa msomaji wa Biblia ni kurudi. Jirani amemlipia jirani gharama pasipo mmoja wao kumdai mwenziwe.

Wapo watakaosema kwamba nimelisahau jambo la upweke. Kwamba mama aliyeketi kando ya mwanawe akigeuza kurasa alikuwa akimpa kitu ambacho mota haina. Kwamba hata Nabii Musa, mikono yake ilipolegea katika vita vya Waamaleki, alishikiliwa na Haruni na Huri mpaka jua likachwa, na sifa ya habari hiyo ni ya mikono ya watu. Pingamizi hili nalistahi kuliko yote. Ila yafaa kuisoma habari yenyewe polepole, kwani Kutoka, sura ya 17, inasema kwamba kabla ya kumshika mikono walitwaa jiwe, wakaliweka chini yake, akaketi. Jiwe lilitangulia. Waliona kwamba kusimama ni kazi ambayo jiwe laweza kuibeba vizuri kuliko wao, wakaliachia, wakaiweka mikono yao kwa ajili ya ile kazi ambayo jiwe haliwezi. Mama asiyelazimika kungoja mwisho wa kila ukurasa anaweza kuketi pale pale alipoketi jana, akauliza hadithi imefikia wapi. Au anaweza kwenda kuuza mboga zake sokoni Jamhuri, jambo ambalo nalo ni mapenzi, na ambalo mwanawe, nina hakika, alikuwa akimtakia siku zote bila ya kusema.

Pingamizi la simu nitalijibu kwa maneno machache. Ni kweli kwamba kitabu kilichomo katika simu hakina karatasi, na kwa wengi hilo limemaliza shida. Mwenye nacho asikiache kwa kupenda ukale. Lakini kioo cha simu nacho hutaka kidole, na sauti inayosoma yenyewe hukimbia kwa mwendo wake kama ile saa ya dakika mbili. Na kitabu cha nyimbo cha bibi, na msahafu aliouacha babu na alama zake pembeni, na daftari ambalo mtu aliandika kabla hajapooza, havimo katika simu yoyote. Fauka ya hayo, swali la nani anayeamuru ukurasa halikutoweka kwa karatasi kutoweka.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vizuizi vitokanavyo na ulemavu wake, na katika kifungu hicho hicho imetaka atendewe kwa heshima na utu. Vitu hivyo viwili vimeandikwa mahali pamoja, na nadhani vimekaa vizuri pamoja, kwa sababu kifaa kisichokuwa na heshima ndani yake ni ile saa tuliyoitaja. Baina ya Ruiru na Thika, pale Juja, kipo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani. Na katika miji yote miwili wamo mafundi wa jua kali wanaoweza kuchukua mota ya kupangusia kioo cha gari bovu, rola ya mashine ya kupigia chapa iliyotupwa na pedali ya cherehani, wakafanya kitu kiendacho. Ujuzi haukosekani. Kinachokosekana aghalabu ni fundi kuanza kazi yake kwa kuketi na yule atakayekitumia, kitabu kikiwa wazi mbele yao, akamtazama anavyosoma hata atakapotaka kurudi nyuma, na hapo amwulize swichi ya kurudi aitie upande gani: wa kidevu, wa bega, au wa kidole kile kimoja cha mguu ambacho bado kinamtii.